Zimwi Lililobisha Hodi

Haki ya Mungu, haya ni kweli tupu. Naapa kwa upara wangu huu, ambao nywele zake zilistaafu kabla yangu, kwamba humu sikutia chumvi wala ndimu. Nilikuwapo. Niliketi safu ya tatu kutoka mbele, nyuma ya mama mmoja mnene aliyekuwa akitafuna karanga, na kila kilichotendeka ukumbini nilikiona kwa macho yangu. Atakayenikamata na uongo, hata uwe mdogo kama chawa wa kuku, jogoo wangu mwekundu ni wake. Aje na kamba.

Basi ipo nchi iitwayo Shwari. Msiitafute kwenye ramani. Ramani iliwahi kuonyesha kwamba nchi ile ni fupi kuliko hotuba za mkuu wake, ikafungwa miezi sita kwa uchochezi, na tangu hapo haijathubutu kuonyesha kitu.

Mkuu mwenyewe huitwa Mtukufu. Jina lake kamili lipo, lakini ukianza kulitaja na wali uko jikoni, utarudi ukute ukoko. Hakuna aliyewahi kumwona bila kofia yake, kofia kubwa ya kijeshi yenye nyota mpaka kwenye pindo. Kofia ile iko kwenye stempu, kwenye noti, kwenye majalada ya madaftari ya shule. Mtoto wa Shwari huijua kofia kabla hajaijua sura ya mama yake. Walinzi wa Ikulu nao hupigia saluti kofia. Siku moja ilipelekwa kufuliwa, na yule dobi akawa anapigiwa saluti njia nzima mpaka chooni.

Mtukufu alikuwa amekwisha kuwa Daktari wa kila kitu kinachodaktarika: sheria, mifugo, madaraja, hata meno. Akatazama huku na huku, akaona kilichobaki ni kuwa mwandishi. Akaita makatibu sita, akaketi, akakohoa. Wakaandika "Sura ya Kwanza". Akajikuna, wakaandika kwamba radi ilipiga. Kwa mtindo huo likapatikana dubwana la kitabu, riwaya ya kutisha yenye kurasa mia saba, iitwayo *Zimwi la Mlima Kishindo*, na nyuma ya jalada wakaandika: "Usisome ukiwa peke yako. Usisome ukiwa na mwenzako. Nunua."

Sasa hapo ndipo anapoingia mtu wetu, Farijala Mkumba.

Farijala alikuwa Kamishna wa Maoni ya Wasomaji. Mfupi, ana tumbo la kiofisi, na kichwani msitu wa nywele nene alizozichana asubuhi, adhuhuri na alasiri, maana hiyo ndiyo kazi pekee iliyokuwa ikikamilika ofisini kwake. Utaratibu wa Shwari ulikuwa hivi: kitabu kikichapwa, Kamishna hutoa kwanza maoni ya wasomaji, halafu ndipo wasomaji hupewa kitabu. Wataalamu walieleza kwamba mtu akisoma kwanza, maoni yake huathiriwa na kitabu.

Maoni yenyewe yalikuwa ya aina tatu: "Kimetugusa", "Kimetujenga", na kwa vitabu vya wake wa mawaziri, "Tumelia". Farijala alikuwa fundi wa kuyagawa. Alijivunia kwamba katika utumishi wake wote hajafungua kitabu hata kwa bahati mbaya. Kuna siku upepo ulimfungulia kitabu cha mapishi mezani, akageuza uso kama mtu aliyeingia bafuni kwa mkwe.

*

Maoni yalikwisha tolewa na kitabu kikauzwa; siku ya kukizindua, wakubwa walijaa Ikulu, kila mmoja na woga wake mkononi.

Waziri wa Afya akasimama. "Mtukufu, mimi nilizimia kwenye jalada. Wakanimwagia maji nikazinduka, nikaona jina la mwandishi, nikazimia tena."

Jaji Mkuu akasema tangu alipokisoma halali ila mama mkwe wake aketi mlangoni na mchi.

Akaja profesa mmoja kutoka Chuo Kikuu cha Kofia, akasafisha miwani, akanena: "Hofu iliyomo humu si hofu, waheshimiwa. Ni uhofuhofu wa kihofu, unaomhofisha mhofu hata akahofika kihofifu." Wakampigia makofi mpaka yeye mwenyewe akashtuka.

Mtukufu akapiga mwayo. Farijala, aliyekuwa amesimama karibu, aliuona mwayo ule mpaka kwenye kimio.

"Ninyi," akasema Mtukufu, "mngezimia hata ningeandika habari za bilinganya. Nimechoka. Nataka msomaji."

"Tupo, Mtukufu!" wakaitika wote.

"Kaeni! Nataka msomaji hasa. Aliyekifungua, akakisoma, akaogopa kwa miguu yake mwenyewe. Siku ya Taifa asimame mbele ya Ukumbi wa Shukrani awaambie watu alivyoogopa. Farijala!"

"Naam, Mtukufu."

"Umesikia?"

"Nimesikia, Mtukufu. Ila niulize tu nisije nikakosea. Aliye… soma?"

"Aliyesoma."

"Kitabu chenyewe?"

Mtukufu akaiweka sawa kofia yake. "Farijala, hivi Kisiwa cha Popo tumekwisha kipelekea balozi?"

Ukumbi mzima ukamwangalia Farijala kama watu wanavyomwangalia maiti kwa heshima. Kisiwa cha Popo hakina mtu, hakina kisima, hakina kivuli. Kina popo. Shwari ilikuwa na desturi ya kuwapandisha vyeo wale iliochoka nao: hupewa bendera, kiti kimoja, na hati za utambulisho wakaziwasilishe kwa popo. Kamishna aliyemtangulia Farijala alipandishwa hivyo. Kilirudi kiti.

*

Farijala alifika nyumbani. Akaketi sebuleni anajichana. Mara mlango ukafunguka akaingia mkewe, Bi. Mize, kichwa kimesukwa upande mmoja, upande wa pili umetimka kama fungu la makumbi, naye anacheka mpaka anajishika ubavu.

"Unacheka nini, mke wangu, na mimi nakwenda kufa?"

"Zimwi, baba. Zimwi litaniua mie!"

Farijala akasimama. "Zimwi gani?"

"La Mtukufu. Leo limebisha hodi! Hodi, Farijala! Limefika mlangoni kwa mtu, linataka kumla, likasema 'Hodi hapa', likangoja. Mwenye nyumba akasema 'Subiri kidogo, navaa.' Likasubiri!" Akaanguka kwenye kiti, machozi yanamtoka.

"Mize! Wewe unasoma vitabu? Katika nyumba yangu?"

"Mimi nasomewa tu, mwenzangu. Tuko kwa Siwema msusi. Kichwa kimoja ni mchana kutwa, ulitaka tufanye nini, tutazamane? Mmoja anasukwa, mmoja anasoma, wengine tunatoa maoni."

Farijala alisikia mambo mawili kwa pamoja, kama mtu aliyepewa pilau yenye mchanga. Wasomaji hasa wamepatikana, tena mtaani kwake. Na wanacheka.

*

Asubuhi akaenda. Banda la Siwema lilikuwa la mabati, linanukia mafuta ya nazi na nywele zilizoungua kidogo. Siwema mwenyewe, mwanamke mrefu mwenye vidole vinavyokwenda kama mvua, alikuwa kwenye kiti amebana kichwa cha mtu katikati ya magoti. Pembeni mama mmoja wa makamo, Bi. Chausiku, alikuwa na kitabu mapajani, anasoma kwa sauti ya mtu anayenadi samaki.

Farijala akakohoa kikohozi cha serikali.

"Karibu, Kamishna," akasema Siwema bila kukiachia kichwa. "Umekuja kusuka au kukamata? Tuambie tujipange."

"Nimekuja kukusanya maoni ya wasomaji."

"Kha! Kumbe huwa yanakusanywa? Sisi tulidhani yanafugwa."

Banda likaangua kicheko. Bi. Mize, aliyekuwa amekuja kumalizia upande wa pili, akajifunika kanga usoni. Farijala akavuta kigoda.

"Swali ni moja tu, mama zangu. Zimwi limewaogopesha?"

Wakatazamana. Aliyekuwa anasukwa akajibu kutoka chini ya magoti: "Kamishna, mimi nimejitahidi. Wallahi. Sura ya kwanza linaiba mbuzi mmoja, nikasema haya, ndiyo linaanza. Sura ya tano mbuzi ni yuleyule, halijammaliza! Zimwi la wapi linalosaza?"

"Tena linatembea kwa miguu," akadakia mwingine. "Halina ving'ora, halifungi barabara. Pale daraja la mto limekutana na mama mjamzito, limempisha. Mie nikamwambia Chausiku, funga kitabu, hilo si zimwi, hilo ni shemeji."

"Na wanakijiji hawalipangii foleni ya kuliimbia!"

"Na lina mke mmoja!"

"Na mke mwenyewe si waziri!"

"Kosa la mwandishi," akasema Siwema akimalizia fundo, "ni kwamba hajui kuogopa. Mtu asiyewahi kuogopa hawezi kutisha kwa maandishi. Anadhani watu wanaogopa manyoya na meno. Nani kakwambia? Mbwa wangu anayo yote hayo na namlaza ndani."

"Lakini," akajaribu Farijala, jasho likimtiririka, "pale linapobisha hodi usiku… mlango unagongwa, ngo, ngo… hapo hamkutetemeka?"

Hapo kicheko kikakatika. Wote wakamgeukia Bi. Chausiku. Alikuwa ameweka kidole kwenye ukurasa asiupoteze.

"Waliomchukua mume wangu hawakubisha," akasema. "Mlango wenyewe mpaka leo nauegemeza kwa kinu."

Farijala alijua alipaswa kusema neno. Akalitafuta, na kwa kuwa alikuwa na maneno matatu tu tangu aajiriwe, akauliza polepole:

"Hiyo… niiweke kwenye 'Kimetugusa'?"

"Iweke unapoweka vitu vyako," akasema Siwema.

Basi Farijala akashuka kwenye kigoda akapiga magoti mchangani, suruali ya serikali na yote. Akawaeleza habari za Siku ya Taifa, za msomaji anayetakiwa, za bendera na kiti na popo. "Mama zangu, sina pa kukimbilia. Tetemekeni kidogo. Si lazima moyoni. Mwili tu." Akawaonyesha kwa mfano: akatikisa mabega, akagonganisha meno, akatoa macho. Mtoto aliyekuwa amelala mgongoni kwa mamaye akaamka akacheka.

"Basi, basi, utavunjika," akasema Siwema. "Hebu niambie. Daktari wa serikali akitaka kujua mtu kaogopa kweli, anatazama nini?"

"Nywele," akasema Farijala. "Mtu akiogopa nywele humsimama."

Siwema akatoa kwenye kikapu donge zima la uzi mweusi. Mnazijua nywele za uzi: unachukua fungu la nywele, unalizungushia uzi kuanzia shinani mpaka nchani, likimalizika linasimama wima kama mwiba wa nungunungu, upepo na mvua haviliangushi.

"Taifa zima litaogopa," akasema Siwema. "Wewe toa amri, uzi niachie mie. Njoo uketi hapa uwe wa mfano."

"Kwa nini unisaidie?"

"Mimi ni msusi, Kamishna. Nchi nzima ikitaka kusimamishwa nywele, unadhani nitalala njaa?" Kisha akacheka kwa pua. "Na huyo msomaji wa kusimama mbele, usihangaike kutafuta. Nitasimama mimi."

Farijala akaketi chini, kichwa katikati ya magoti ya Siwema, akavutwa nywele mpaka nyusi zikahamia kipajini. Siku nzima Bi. Chausiku alisoma na Kamishna wa Maoni ya Wasomaji, kwa mara ya kwanza maishani, hakuwa na pa kugeuzia uso. Zimwi lilipoanguka kisimani na kuomba msaada kwa adabu, alicheka. Akajifanya amepaliwa. Fundo la mwisho lilipofungwa ilikuwa imebaki sura moja.

"Mwisho wake inakuwaje?" akauliza mlangoni kabla hajajizuia.

"Tutasoma kesho," wakamjibu. "Wewe nenda katoe amri."

*

Amri ikatoka kwenye redio kabla ya taarifa ya habari na baada yake. "Msomaji ni mtu ambaye nywele zake zimesimama. Ambaye nywele zake zimelala, hajasoma. Ambaye hana nywele, hana maoni."

Mtukufu aliipenda amri ile mno, akasema ndivyo serikali inavyotakiwa kuandika. Shwari yote ikakimbilia kwa wasusi. Uzi mweusi ukaisha madukani, watu wakafumua soksi. Ukaisha wa soksi, wakaingia kwenye mapazia ya ofisi za serikali. Shule moja iliamka ikakuta mlingoti wa bendera tu. Makada wa chama waliochelewa walijibandika miba ya nungunungu kwa gundi, na nungunungu wa nchi ile mpaka leo wakimwona mtu aliyevaa suti hukimbia.

Siku ya Taifa ikafika. Mlangoni pa Ukumbi wa Shukrani walisimama wakaguzi na rula za mbao. Ukifika, unainamisha kichwa, unapimwa. Nywele zikiyumba unarudi. Waziri wa Fedha, mwenye kipara kinachong'aa kama sinia la mgeni, alibembeleza, akalia, akataja mpaka ukoo wake. Akarudishwa. Askofu akarudishwa. Hakuna kipara hata kimoja kilichovuka mlango ule, cha tajiri wala cha maskini, na wazee wanasema hiyo ndiyo siku pekee sheria ya Shwari ilipofuatwa barabara.

Kutoka pale nilipoketi, nyuma ya mama wa karanga, ukumbi ulionekana kama shamba la mkonge. Farijala alikuwa jukwaani, nywele zimesimama, moyo umelala. Alikuwa amemfundisha Siwema maneno manne tu: "Niliogopa nikasahau jina langu." Alimfanya ayarudie mpaka Siwema akamwambia akiendelea atamsahau yeye.

Mtukufu akasoma kurasa mbili kwa kishindo, akatua, akatazama ule msitu wa nywele mbele yake. Akatabasamu. "Naona mmeogopa!"

"Tumeogopa!" ukajibu ukumbi.

"Msomaji wangu yuko wapi? Simama, binti. Sema usiogope."

Siwema akasimama, miiba ya nywele zake ikagusa taa. "Samahani, Mtukufu. Nisiogope au niogope? Maana nimeambiwa niogope."

Kicheko kikapita chini chini kama panya. Farijala akafumba macho.

"Sema ulivyokiona kitabu," akasema Mtukufu.

"Mtukufu, zimwi lako tumelipenda."

Farijala akafumbua jicho moja.

"Mmelipenda?" Mtukufu akajaa kifua. "Zimwi langu?"

"Kupita kiasi. Tungependa kuliomba."

"Mliombe lifanye nini?"

"Lije litutawale."

Mama wa karanga akaacha kutafuna. Siwema hakupandisha sauti. Alisema kama anayezungumza na mteja kwenye kioo. "Linakula mbuzi mmoja, halimalizi. Likipita barabarani linampisha mjamzito. Likija kumchukua mtu linabisha hodi, na asiyetaka kufungua halimvunjii mlango. Lakini hayo yote si kitu. Sisi lilituvunja mbavu sura ya mwisho. Wanakijiji wanapanda mlimani wanaliambia: 'Zimwi, umekaa vya kutosha, tumechoka, ondoka.' Nalo linawaangalia…" Siwema akaiweka sawa kanga yake. "Linachukua mkeka wake, linaondoka."

Mtukufu akageuka kwa makatibu wake. "Linafanya nini?"

Sura ya mwisho alikuwa hajaisoma. Wala ya kwanza. Yeye alikohoa tu.

"Nani ameandika liondoke?" akanguruma.

Katibu wa sita akajibu kwa sauti ya mbu: "Ulipiga chafya, Mtukufu. Tukadhani ndiyo mwisho."

Nyuma kabisa ya ukumbi Bi. Chausiku akasimama. Akasimama aliyekuwa karibu naye, akasimama wa mbele yake, na safu kwa safu ukumbi wote ukainuka, hawapigi kelele, hawarushi kitu, wanatazama tu, kama wanakijiji waliokwisha panda mlima.

Ndipo nikaona jambo ambalo hakuna wa Shwari aliyewahi kuliona. Kofia ya Mtukufu ilianza kupanda. Ilipanda taratibu, kama kifuniko cha sufuria ya uji unaotokota, mpaka ikabaki imeketi juu ya ncha za nywele, na nywele zile hazikuwa na uzi hata mmoja. Kitabu kilikuwa kimempata msomaji wake.

"Kamishna!" akapiga kelele. "Haya ndiyo maoni uliyoniletea?"

Farijala angeweza kusema neno. Alikuwa amesomewa siku nzima mpaka ikabaki sura moja, alikuwa amecheka, na kinu cha Bi. Chausiku kilikuwa kimemkaa kooni tangu siku ile. Akalitazama lile shamba la mkonge lililosimama, akamtazama Mtukufu, akachagua kama alivyochagua maisha yake yote.

"Mtukufu," akasema, "mimi sijasoma."

Sentensi hiyo ilikuwa kweli tangu alipoajiriwa. Iliharibika siku ile ile alipoihitaji.

"Hujasoma? Na hizo kichwani ni nini?"

Farijala akajishika nywele. Zilikuwa wima, ngumu, zimefungwa na mikono ya msusi bora nchini. Amri ilikuwa yake mwenyewe, na kila mtu aliisikia, kabla ya taarifa ya habari na baada yake.

"Kisiwa cha Popo!" akafoka Mtukufu. "Na yule mwanamke mkamateni!"

"Yupi, Mtukufu?" wakauliza walinzi.

"Yule mwenye nywele zilizosimama!"

Walinzi wakautazama ukumbi. Wakatazamana. Nao pia walikuwa wamesukwa. Siwema wakati huo alikuwa amekwisha keti chini, anamwomba mama wa karanga amwonjeshe.

Mtukufu kwa hasira akapiga mguu sakafuni, na kofia ikaanguka, ikabingirika mpaka chini ya meza. Hapo walinzi wakamwona jukwaani mzee mmoja wasiyemjua, nywele zake zimesimama kupita za wote, tena anapiga kelele mbele ya wakubwa. Wakamdaka.

"Niachieni! Mimi ndiye Mtukufu!"

Mlinzi mkubwa akainama chini ya meza, akaipigia saluti kofia, akainuka. "Mzee, tusitukanane. Mtukufu yuko pale, na hajatengua amri."

*

Wakapakiwa boti moja, yeye na Farijala, na bendera, na kile kiti, na kitabu cha zimwi.

Shwari ilikaa juma zima kabla ya kugundua kuna kitu kimepungua. Kofia iliwekwa kwenye kiti cha enzi na ndiyo inayotawala mpaka leo; wajuzi wa siasa wanasema haijapata kukosea. Kila asubuhi watu huenda kuisomea sura ya mwisho. Bado haijaondoka, lakini hata mbuzi haijala. Bi. Chausiku amepachika mlango mpya wa mninga, wenye komeo kwa ndani. Kinu amekirudisha jikoni.

Na kule kisiwani jua likipungua makali, Mtukufu huketi kwenye kiti, popo wanamning'inia juu, anafungua ukurasa wa kwanza na kusoma kwa kishindo. Amegundua ana kipaji. Farijala huketi mchangani, hana mahali pa kugeuzia uso.

"Umeogopa?" Mtukufu humwuliza.

Uzi wa Siwema ulikwisha oza zamani. Nywele za Farijala zimesimama zenyewe.

*

Haya ndiyo niliyokuwa nimeyamaliza, nimeweka kalamu chini nimeridhika, nikamsomea mke wangu, Mama Tunu, aliyekuwa anachambua mchicha. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Nikajua nimefaulu.

"Nzuri," akasema. "Baba Tunu, wewe uliketi safu ya tatu?"

"Safu ya tatu. Nyuma ya mama wa karanga."

"Ndani ya ukumbi?"

"Sasa nje kuna safu?"

"Hebu vua kofia."

Nikajifanya sikusikia. Akaacha mchicha, akaja, akaivua mwenyewe. Upara wangu niliouapia ukang'aa sebule nzima, hauna unywele wa kufungia uzi wala wa kutambikia.

"Waziri wa Fedha alirudishwa," akasema. "Askofu akarudishwa. Wewe uliingia na nywele za nani?"

Nilitafuta neno. Nikaona ninayo matatu tu, na hakuna linalofaa.

"Lakini hayo mengine, Mama Tunu," nikasema, "yale ya kofia, na milango, na maoni… hayo huyapingi?"

"Niyapinge kwa lipi? Kwani mimi naishi wapi?" Akarudi kwenye mchicha wake. "Kamba iko nyuma ya mlango."

Jogoo alipikwa kwa nazi nzito na bizari, na majirani wote wakaitwa, na kila aliyekuja aliambiwa sababu. Mimi nilipewa shingo.